Kipini cha pua cha kubana: tuwafundishe mabinti, tusiwafokee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu wa hapa hapa Moshi, aliyewataka wazazi wapekue mabegi ya mabinti zao na kuchoma moto kila kipini cha pua watakachokikuta, hata vile vya kubana ambavyo mabinti wanajitengenezea nyumbani kwa waya na ushanga. Mzee wangu, shikamoo. Umeandika kwa uchungu wa mzazi, na uchungu huo naujua, maana nami nimelea mabinti. Lakini kwenye hivyo vya kubana sikubaliani nawe hata kidogo. Binti anayekaa chumbani jioni nzima akikunja waya ni binti ambaye hajatoboa pua. Ametafuta namna ya kupendeza bila kujitia tundu, na siku akichoka anavua, pua iko vile vile alivyozaliwa nayo. Mtoto wa hivyo wa nini kumfokea? Kumfundisha ndiyo, tena haraka, kwa sababu wengi wanavitengeneza kwa vitu vya hatari, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mimi ni fundi shanga, nina kibanda Mbuyuni. Natengeneza hereni, vikuku, mikufu, na mikanda ya shanga inayonunuliwa na wageni wanaoshuka mlimani. Marehemu baba yangu alikuwa fundi redio pale Majengo, kwa hiyo waya nimeujua kabla sijaijua shanga: upi unakunjika na kubaki ulivyokunjwa, upi unarudi, upi unakatika ukiukunja mara mbili, upi haushikwi na mtoto. Nayasema haya ili msomaji aelewe kwamba ninachokiandika nakifanya kwa mikono yangu kila siku.

Wanaokuja kwangu kuulizia kipini cha kubana si wale ambao mzee wangu anawafikiria. Wanafunzi wapo, sikatai, lakini wengi wao wanakuja likizo ikianza. Wapo mabinti wanaokaa kaunta, ambako bosi hataki kuona kitu puani kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, na wao wanataka kukivaa Jumamosi wakienda kwenye sherehe ya rafiki. Wapo wanaosomea uuguzi. Wapo kina mama wa rika langu waliokitamani tangu ujana wakaogopa sindano. Na wapo mabibi harusi, hao ndio wengi.

Kwenye sendofu za siku hizi hapa Moshi bibi harusi anaweza kubadilisha nguo mara kadhaa, na mojawapo ikawa ya mtindo wa Kihindi: sketi pana, mtandio wa nakshi, hina mikononi, na ule mnyororo mwembamba unaotoka puani kwenda sikioni. Hakuna bibi harusi mwenye akili timamu atakayekubali kutobolewa pua wiki moja kabla ya sendofu, aje ukumbini na pua iliyovimba. Anakuja kwa fundi. Na huko India kwenyewe mambo ndiyo hayo hayo. Kwenye jimbo la Maharashtra bibi harusi huvaa pambo la pua la lulu wanaloliita nath, na madukani kwao nath za kubana zinauzwa wazi kwa ajili ya wanawake wasiotoboa. Hakuna anayewaona wamepotea.

Huo mnyororo una siri yake, na naomba niitoe hapa kwa sababu nimeona watu wakiumia bure. Uzito wa mnyororo haupaswi kubebwa na pua. Mwisho wake uwekewe kindoano kinachoshikwa na nywele, juu kidogo ya sikio, na mnyororo ukatwe mrefu kiasi kwamba bibi harusi akigeuza shingo kumtazama mama yake haukazi. Pua ibebe kipini peke yake. Mapambo mengi ya kununua yana mnyororo mfupi, na ndiyo maana unaona bibi harusi anakaa ukumbini shingo imekakamaa hadi keki inakatwa.

Sasa nirudi kwa mzee wangu. Anaona kipini cha kubana ni ngazi ya kwanza ya kutoboa. Mimi ninachokiona kibandani ni kwamba wengi kinawamaliza hamu. Anakivaa, anapiga picha, anawatumia wenzake, baada ya muda anagundua pua yake haipendezwi na pete, anarudi kwangu kutaka hereni. Angekuwa ametoboa, angefanya nini na lile tundu? Tundu la pua huchukua miezi 4 hadi 6 kupona vizuri, na mwingine hupita hapo. Sisi watu weusi ndio tunaopata zaidi yale makovu yanayovimba na kuuzidi mpaka wa jeraha lenyewe, ambayo madaktari huyaita keloidi, na hujitokeza zaidi kwa watu wenye umri kati ya miaka 10 na 30, yaani umri ule ule wa mabinti tunaowazungumzia. Keloidi ya sikio unaifunika kwa kilemba. Ya pua utaifunika na nini?

Na wanatobolewa na nani? Kuna wanaojua kazi yao, wanavaa glavu, sindano mpya inafunguliwa mbele ya mteja. Lakini wapo wanaotumia ile mashine ya kutobolea masikio ambayo nyingi zina plastiki isiyovumilia joto la kuua vijidudu, na inapita kutoka kwa mtu huyu kwenda kwa yule. Mashine ile ilitengenezwa kwa nyama laini ya ndewe ya sikio. Ukiipiga kwenye pua inaponda, haitoboi vizuri. Homa ya ini na Virusi vya Ukimwi hupita kwenye damu, na damu kidogo inatosha. Tukichoma vipini vya waya vya mabinti, ni mlango gani tunawaachia wazi? Ni huo.

Kwa hiyo, Mhariri, naomba niandike kwa kirefu namna ya kutengeneza, na vitu vya kukimbia. Naanza na vya kukimbia.

Kinachoniumiza kuliko vyote ni lehemu. Mafundi simu na mafundi redio wanayo kwenye vibiringo vidogo: waya mwembamba, unang'aa rangi ya fedha, unakunjika kwa vidole tu bila hata plaizi. Binti akiuona anadhani amepata dawa. Nimeletewa kibandani vipini vya lehemu, mwenyewe kakipachika ushanga mwekundu, kakivaa, anataka nimsaidie kukinyoosha. Lehemu waliyoizoea mafundi wetu ni mchanganyiko wa bati na madini ya risasi. Ile iliyoandikwa 60/40 kwenye kibiringo maana yake sehemu 60 ni bati na sehemu 40 ni risasi. Baba yangu alikuwa na kopo la maji na kipande cha sabuni ya mche pembeni ya meza yake ya kazi, na hakushika kikombe cha chai kabla ya kunawa, hata mteja awe amesimama anasubiri. Sisi watoto tulikuwa tukiokota vipande vya lehemu chini ya meza tunachezea, akituona alitunyang'anya na kutupeleka kwenye kopo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara, na watoto ndio wanaoumia zaidi, ubongo wao ukiwa bado unakua. Risasi huingia mwilini hasa kwa kumezwa na kwa kuvutwa na pumzi. Sasa fikiria kitu kinachokaa kwenye tundu la pua kutwa nzima, kinashikwashikwa kwa vidole, na vidole hivyo hivyo vinarudi kwenye sahani ya ugali. Ipo lehemu isiyo na risasi, kweli, lakini kwa macho huwezi kuitofautisha. Lehemu isiguse pua ya mtoto.

Mafundi simu wa Moshi, hili ni lenu pia. Binti akija kuomba kipande cha lehemu "cha kutengenezea kitu", muulizeni ni kitu gani.

Cha pili ni sumaku. Vipo vipini vya dukani vyenye sumaku mbili, moja inakaa nje ya pua na nyingine ndani, na wapo wanaojitengenezea kwa sumaku walizotoa kwenye visikizio vilivyoharibika au kwenye kifungo cha mkoba. Hizi za siku hizi ni ndogo sana lakini zinavutana kwa nguvu usiyoitegemea. Ukiweka mbili kwenye ule ukuta wa katikati ya pua, zinaubana pande zote mbili bila kupumzika. Gegedu la pua, yaani ile sehemu ngumu inayopindika ndani ya ukuta huo, halina mishipa yake ya damu, linalishwa na ile ngozi laini inayolifunika, kwa hiyo damu ikizuiwa hapo gegedu linaanza kufa na ukuta unaweza kutoboka. Huyo sasa ametoboa pua kweli kweli, tena mahali asipopataka.

Binti wa jirani yangu aliletwa kwangu usiku na mama yake, sumaku zimeshikana ndani ya pua, kila akijaribu kuzitoa zinapanda juu zaidi. Mama alikuwa na kile kibanio cha nyusi cha chuma, akakiingiza, kikanaswa na sumaku, mtoto akapiga kelele mtaa mzima ukaamka. Nikawaambia tusiguse tena, twende hospitali. Daktari alizitoa, lakini ngozi ya ndani ilikuwa imeshachubuka pande zote mbili, na binti alipaka dawa kwa muda mrefu. Na si sisi tu. Mwaka 2002 madaktari wa hospitali ya watoto ya Sheffield, Uingereza, waliandika kwenye jarida la kitabibu kuhusu watoto 24 waliofikishwa kwao ndani ya wiki 8 tu kwa sababu ya sumaku ndogo kama hizo, zilipokuwa fasheni ya kuigiza vipini. Puani ni taabu, tumboni ni hatari zaidi: mtoto akimeza sumaku mbili kwa nyakati tofauti, zinaweza kuvutana huku kuta za utumbo zikiwa katikati, utumbo ukatoboka. Mzazi ukisikia mwanao amemeza sumaku usisubiri itoke na choo. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Supaglu nayo. Mabinti wanabandika vijiwe vya kucha puani kwa supaglu ya kuunganishia viatu. Inashika ngozi kwa sekunde chache, inaunguza, na ukivuta kijiwe unavuta na ngozi. Aliyekwisha kujibandika asivute. Aloweke kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, apake na mafuta, asubiri iachie yenyewe. Anayetaka kubandika kijiwe atumie gundi ya kope bandia, tone dogo, kwa upande wa nje tu. Na gundi hiyo nayo aijaribu kwanza ndani ya mkono, akae nayo siku nzima, kwa sababu baadhi ina mpira ndani yake na wapo watu mwili wao haupatani na mpira.

Waya wa kufungia nondo, klipu za karatasi, vibanio vya nywele vilivyokatwa: vinashika kutu au rangi yake inabanduka, achaneni navyo. Vile vipini vya bei ya chini sana vinavyong'aa, vingi vina nikeli, na nikeli ndiyo inayowawasha watu wengi kuliko madini mengine ya mapambo. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 1994 ya kupunguza nikeli kwenye mapambo yanayogusa ngozi kwa sababu hiyo. Ukivaa kitu kikakuwasha, kikakutoa vipele vya maji, kivue na usikirudie tena, maana mzio wa nikeli ukishaingia hauondoki.

Sasa vya kutumia. Mimi natumia waya wa stenlesi wenye unene wa milimita 0.8. Stenlesi nayo ina nikeli, lakini imeshikwa ndani, haitoki ovyo, na watu wengi wanaivaa bila shida. Ni ngumu, inataka plaizi nzuri. Kwa binti anayeanza nyumbani, shaba ni rahisi zaidi. Aombe kwa fundi umeme mabaki ya ule waya mwembamba wa ndani ya kebo ya simu za mezani, ambao ni kama nusu milimita. Akwangue plastiki yake taratibu kwa wembe, akielekeza wembe mbali na vidole. Mmoja peke yake ni laini mno, hautabana. Achukue miwili, aishike kichwa kwa plaizi, aisokote pamoja hadi mistari ya msokoto ikaribiane. Hapo kuna jambo zuri la kulishika: shaba ukiisokota hukakamaa. Waya ule ule uliokuwa unalegea sasa unarudi ukiuvuta, na kurudi huko ndiko kutakakobana pua. Halafu msokoto wenyewe ni pambo, hauhitaji hata ushanga.

Akate urefu wa sentimita 4. Auzungushe kwenye kalamu ya kawaida ya kuandikia, ambayo unene wake ni milimita 8 hivi, ubonyeze uikumbatie kalamu hadi ncha zikutane na kupishana kidogo. Avue. Kisha kila ncha aikunje kwa plaizi ya mdomo mrefu kuwa kijiduara kidogo kilichofungwa kabisa, kisiache makali. Hapa ndipo kipini kizuri kinapotofautiana na kibaya, na hapa ndipo wengi wanapofanya haraka. Ncha iliyokatwa kwa mkasi ina ukali usiouona kwa macho. Pitisha kidole taratibu utausikia. Ncha ile ikiingia puani inakwaruza ngozi laini kila unapocheka au kupenga kamasi. Kijiduara kikishafungwa, asugue kwa tupa ya kucha au msasa laini, kisha akipitishe juu ya kipande cha soksi ndefu nyembamba za kike. Kikinasa uzi mmoja, bado. Asugue tena hadi kipite bila kunasa. Mimi kwangu hakitoki kipini ambacho hakijapita kwenye soksi.

Anayetaka ushanga auingize kabla ya kukunja ncha ya pili. Ushanga ukae upande wa nje, na kijiduara cha ncha kiwe kikubwa kuliko tundu la ushanga ili usichomoke. Nawashauri watumie shanga za kioo, hizi hizi ambazo kina mama wa Kimasai wanashonea, zile za kutoka Jamhuri ya Czech. Rangi yake iko ndani ya kioo au imechomwa vizuri, haichujuki kwa jasho. Shanga za plastiki zilizopakwa rangi juu zinachujuka ndani ya siku chache, na rangi hiyo inaishia puani.

Shaba ina kasoro moja: ikikutana na jasho inaacha rangi ya kijani kwenye ngozi. Haiumizi, inatoka kwa sabuni, ila haipendezi. Ipakwe kyuteksi isiyo na rangi, tabaka mbili, iachwe ikauke usiku kucha, na ikianza kubanduka ibanduliwe yote na kupakwa upya.

Kuvaa: kipini kioshwe kwa maji na sabuni, kikaushwe. Ncha moja iingie ndani, nyingine ibaki nje, kwenye ukingo wa pua, pale penye unene mdogo. Kisukumwe kidogo kwa vidole hadi kishike. Kikikaa sawa, unatikisa kichwa hakidondoki, na ukikivua kinaacha alama inayofutika baada ya dakika chache. Ukiona ngozi inapauka pale kilipobana, au pua inapwita, kimekaza mno. Kirudishe kwenye kalamu ukilegeze. Kisilaliwe nacho kamwe. Usingizini kinaweza kutoka na kuvutwa na pumzi kwenda kooni. Nyumba yenye mtoto anayetambaa kiwekwe kwenye kopo lenye mfuniko, juu ya kabati.

Na msiazimane, mabinti zangu. Najua ndivyo mnavyofanya, mmoja anakivaa ibada ya kwanza, mwenzake anamsubiri nje akivae ya pili. Takriban watu 3 katika kila 10 wana bakteria puani wanaoitwa stafilokokasi, wanaishi nao bila kuumwa. Bakteria hao wakikuta mkwaruzo kwenye pua ya mwenzio ni jipu. Waya ni bei ndogo, kila mmoja awe na chake.

Pua ikishatoa usaha, au ikavimba na homa, msitafute dawa kwa rafiki. Sisi wa Moshi tuna bahati ambayo mikoa mingi haina: pale hospitali ya KCMC kipo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, na wataalamu wa ngozi wanaofundishwa pale wanatoka nchi nyingi za Afrika. Ukiwa Moshi ukaoza pua kwa kuona aibu ya kwenda hospitali, umejinyima.

Mzee wangu aliandika pia kwamba pambo la pua ni la kipagani. Mimi ni Mlutheri, nimekulia usharikani, na sitaki ubishi wa maandiko kwenye gazeti. Namwomba tu asome Mwanzo 24:47, aone mtumishi wa Abrahamu alimvika nini Rebeka puani alipokuja kumposea Isaka. Ndugu zetu Waislamu wa pwani nao, bibi zao wamevaa vipini tangu enzi, wakasali swala tano na kulea watoto wa heshima.

Shuleni ni jambo jingine. Shule ikisema hakuna mapambo, basi hakuna, na kipini cha kubana kina faida hiyo hasa: kinavuliwa nyumbani, kinabaki nyumbani. Ninachowaomba walimu ni kwamba wakimkuta binti nacho wakichukue, wamwite mzazi, na wakitazame kimetengenezwa kwa nini. Kikiwa ni lehemu au sumaku, mzazi aambiwe hivyo wazi, maana hapo suala si nidhamu tena, ni afya. Na kama kuna mwalimu wa sanaa au stadi za kazi anayetafuta kitu ambacho mabinti watakifanya bila kusukumwa, waya, kalamu na msasa havina gharama. Watajifunza kupima, kukata, kusawazisha. Wavulana nao wafundishwe, kwani mafundi wengi wa vito ninaowajua ni wanaume.

Kwa wauzaji wenzangu wa mapambo, hapa Moshi na Arusha, hasa nyie mnaoleta mzigo wa vipini vya sumaku kwa kontena na kuvimwaga mezani karibu na peremende za watoto: viondoeni. Faida yake ni ndogo na mnaijua. Viko vya kubana vya stenlesi, vinauzika, vinarudisha mteja. Na mteja akikuuliza kimetengenezwa kwa madini gani, usimjibu "ni original mama". Kama hujui, usimuuzie mtoto.

Mzazi anayetaka binti yake ajifunze, amlete Mbuyuni Jumamosi baada ya saa nane mchana, wakati huo soko linapoa na mimi nina nafasi. Sitozi fedha. Aje na kalamu yake na tupa ya kucha. Waya nitampa, soksi ya kupimia ninayo, na hata mzee wangu akitaka kuja na binti yake, kuna benchi.

Ni mimi msomaji wako,
Fundi Shanga,
Mbuyuni, Moshi